Kumchora Mnana Akiwa Kazini: Mwongozo Kamili wa Kutazama Ndege wa Kwetu kwa Ajili ya Sanaa

Michoro ya ndege ninayoletewa na wanaojifunza uchoraji hukwama mahali pamoja. Manyoya yamechorwa unyoya kwa unyoya, jicho limetiwa nukta nyeupe ya mng'ao, rangi imekolea vizuri, na bado ndege mwenyewe ameganda tawini kama aliyejazwa pamba. Ninapouliza alichorwa wapi, jibu huwa ni simu. Picha ya simu humpa mchoraji kipande kimoja cha sekunde, bila kumwonyesha ndege alikuwa anatoka kufanya nini wala anakwenda kufanya nini, na mambo hayo mawili ndiyo yanayoupa mwili wa ndege mkao wake.

Mwongozo huu unamfuata ndege mmoja, mnana mwenye kichwa cheusi, kuanzia chini ya mti anakosuka kiota hadi kwenye ubao uliokauka rangi. Utahitaji asubuhi sita au saba za kutazama, kisha wiki moja hivi ya kupaka rangi kidogo kidogo. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam, lakini ndege huyu huyu anapatikana Kisumu, Kampala na sehemu nyingine nyingi za Afrika ya Mashariki, na hatua zenyewe zitakufaa hata ukiamua kumchora chozi (ndege mdogo mwenye mdomo mrefu mwembamba), mdiria au yangeyange.

## Vifaa

Kwa kazi ya chini ya mti:

- Daftari lisilo na mistari, ukubwa wa A5, lenye jalada gumu ili uweze kuchora ukiwa umeliegemeza gotini.
- Penseli mbili, HB na 4B, pamoja na kichongeo. Kifutio kiache nyumbani. Sababu nitaieleza katika Hatua ya 4.
- Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 8x32 au 8x42. Namba ya kwanza ni mara ambazo kitu hukuzwa, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usivutiwe na darubini inayokuza zaidi ya mara 10, kwa kuwa kila mtetemo wa mkono nao hukuzwa kwa kiasi hicho hicho. Asiye na darubini achague kiota kilichoning'inia chini, na mara nyingi kipo.
- Kisanduku kidogo cha rangi za maji na brashi moja nyembamba.
- Kigoda, kofia, maji ya kunywa, na nguo za rangi tulivu. Shati jeupe linalomulikwa na jua hukuchelewesha kuzoeleka kwa ndege.

Kwa kazi ya mwisho:

- Kipande cha hadibodi cha sentimita 60 kwa 60, na msasa laini.
- Andakoti nyeupe (rangi ya kwanza ya kuandaa ubao) na rangi za mafuta za kung'aa katika makopo madogo: nyeupe, nyeusi, manjano, nyekundu na bluu.
- Thina au mafuta ya taa, vitambaa vya kufutia, na brashi tatu: pana, ya wastani, na moja yenye ncha kali.

Wenye bajeti finyu waanze na orodha ya kwanza peke yake. Rangi za mafuta hazina haraka. Nimeona watu wakinunua makopo yote siku ya kwanza na kuyaacha yagande kabla hawajawa na mchoro hata mmoja wa kuupaka.

## Hatua ya 1: Chagua ndege mmoja na mti mmoja

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya penseli kushikwa: mtu hutoka nyumbani akiwa na nia ya kuchora "ndege", anazunguka asubuhi nzima akifuata kila mlio, na anarudi na mistari kumi isiyomhusu ndege yeyote. Chagua mmoja, nawe umchague kwa kigezo cha kurudiarudia. Ndege anayerudi mahali pamoja kufanya jambo moja mara hamsini kwa asubuhi ni mwalimu bora kuliko ndege mzuri anayepita mara moja.

Ndiyo maana nampendekeza mnana. Dume ana urefu wa sentimita 17 hivi, kichwa cheusi, jicho jekundu, kifua cha manjano, na mgongo uliochanganya manjano na meusi. Yeye ndiye anayesuka kiota, na akishaanza kusuka huenda na kurudi kwenye kitawi kile kile bila kujali sana nani anamtazama. Hupenda miti iliyo karibu na nyumba za watu au iliyoinama juu ya maji, kwa hiyo mnazi wa uani au mwembe wa jirani waweza kukutosha kwa msimu mzima.

Wengi huniuliza kwa nini wasianze na tausi, ambaye hupatikana kirahisi katika Bustani ya Mimea katikati ya jiji. Tausi ni mgeni kutoka India, na mbaya zaidi kwa mwanafunzi, mkia wake humaliza kazi yote: macho hubaki kwenye mapambo na kuusahau mwili. Mgeni mwingine ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 akaenea pwani nzima. Yule wa asili yetu ana kifua na ukosi mweupe. Ni vyema uwatofautishe mapema, kwa kuwa kunguru wa kijivu hula mayai na makinda, na mti wenye kunguru wengi utakupa siku nyingi za fujo na chache za kusuka.

Zingatia majira pia. Minana husuka zaidi wakati wa mvua, yaani masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kwa sababu majani mabichi yanakuwa mengi na wadudu wa kulishia makinda nao huongezeka. Nje ya msimu dume hupoteza sehemu kubwa ya weusi wa kichwa na ung'avu wake, hata mtu asiyemjua hudhani ni ndege mwingine.

*Tahadhari.* Usielekeze darubini kwenye kambi za jeshi, majengo ya serikali au madaraja. Mlinzi hatakusikiliza habari za minana. Ukitaka kwenda kwenye msitu wa hifadhi kama Pugu, uliza habari za kibali na malipo kwanza. Ukiingia uani kwa mtu, piga hodi na ueleze shida yako. Watoto wa nyumba hiyo mara nyingi ndio watakaokuonyesha kiota kilicho chini kuliko vyote.

## Hatua ya 2: Keti dakika 20 bila kushika penseli

Fika mapema, kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi. Mpaka saa 3 mwanga unaingia kwa upande na kuuonyesha mviringo wa mwili. Baada ya hapo jua hupanda utosini, ndege hupunguza kazi, na kivuli chote hukusanyika tumboni. Weka kigoda mita 10 hadi 15 kutoka kwenye viota, jua likiwa mgongoni mwako, kisha ukae.

Dakika hizo 20 zina kazi mbili. Ya kwanza ni ya ndege: watapiga kelele ya kuonyana, watatawanyika, kisha mmoja ataanza kurudi na wengine watamfuata. Ya pili ni yako. Macho yaliyotoka barabarani bado yana haraka, na yatakuonyesha fujo tupu ya manjano inayopaapaa. Kaa. Baada ya muda fujo hiyo hujigawa yenyewe: yule pale ana chane ya jani mdomoni, yule anagombana na jirani, yule mwenye kijani cha kahawia mgongoni ni jike aliyekuja kukagua.

Usicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwavuta. Dume hudhani ameingiliwa na mpinzani, huacha kusuka na kupoteza nguvu akimtafuta adui asiyekuwepo, na wewe unapata mchoro wa ndege aliyehamaki badala ya ndege aliye kazini.

Umefaulu pale mnana anapotua kwenye kiota kilicho karibu nawe na kuendelea kusuka huku ukinywa maji.

## Hatua ya 3: Andika zamu zake kwa maneno

Sasa fungua daftari, lakini andika tu. Chagua dume mmoja na ufuatilie mzunguko wake mmoja mzima, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mara nyingi utaandika kitu kama hiki: anatua juu ya ukuti wa mnazi, anauma pembeni mwa jani na kulitia pengo dogo, analishika pale penye pengo na kuruka, na uzito wa mruko wake unalichana jani mpaka anaondoka na chane ndefu inayopepea nyuma yake. Anarudi kwenye kiota, anaikanyaga ncha moja kwa mguu, anaupitisha mdomo upande wa pili kuivuta ncha nyingine, anaifunga. Anatulia kidogo, anaitazama kazi, anaondoka.

Aliyewahi kumwona bibi akisuka ukili atakuwa ameshaelewa. Minana wanachana na kusuka kwa kanuni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba wao hutumia mdomo mahali pa vidole.

Sababu ya kuandika kabla ya kuchora ni kwamba maneno hukulazimisha kutaja kitendo, na kitendo ndicho kinachoeleza mkao. Anayevuta hujinyoosha na kuutupa mkia chini ili usawazishe uzito. Anayetazama kazi yake hujikunja na kuinamisha kichwa upande mmoja, kwa kuwa macho ya ndege yapo pembeni mwa kichwa. Ukijua anavuta, mkono wako utaujua mvuto huo hata kama ulimwona kwa nusu sekunde.

Weka alama kwenye mikao inayojirudia. Kwa mnana anayesuka, kwa kawaida utapata mitano au sita: kutua na chane, kusimama ndani ya pete, kuvuta, kukagua, kujisafisha mdomo tawini, na ule mkao mkuu wa kuning'inia chini ya kiota kichwa kikielekea ardhini, mabawa yakipigwa haraka ili manjano yaonekane, jike anapokaribia.

## Hatua ya 4: Fungua michoro sita kwa pamoja

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Mwanafunzi huanza mchoro mmoja, anachora kichwa kwa makini, na kabla hajafika shingoni ndege ameruka. Anafuta, anaanza tena, ndege anaruka tena. Baada ya nusu saa ana karatasi iliyochakaa na hasira. Kosa lipo kwenye mpangilio wa kazi, wala si kwenye kasi ya mkono.

Gawa ukurasa katika nafasi sita, moja kwa kila mkao uliouandika katika Hatua ya 3. Ndege akiwa katika mkao wa kwanza, chora kadiri uwezavyo katika nafasi ya kwanza. Akihama, simamisha mkono hapo hapo, hata kama umechora mstari mmoja, uhamie nafasi inayolingana na mkao wake mpya. Akirudi kwenye mkao wa kwanza, nawe unarudi kwenye nafasi ya kwanza na kuendelea ulipoishia. Kwa kuwa mnana hurudia zamu zake, michoro yote sita hukua polepole kwa pamoja, kama vyungu vilivyo kwenye mafiga tofauti.

Katika kila nafasi, fuata utaratibu huu:

1. Mstari mmoja wa uti, kutoka utosini hadi ncha ya mkia. Ndio mstari muhimu kuliko yote. Ukikosea mwinamo wake, hakuna unyoya utakaouokoa mchoro.
2. Umbo la yai kwa ajili ya mwili, limelazwa juu ya mstari huo, upande mnene ukiwa kifuani.
3. Mviringo mdogo wa kichwa. Usichore shingo. Shingo ya mnana imefunikwa na manyoya, na kichwa huonekana kimekaa juu ya mwili moja kwa moja, isipokuwa anapojinyoosha kuvuta.
4. Mstari wa mdomo, ukiupitisha ndani ya kichwa hadi upande wa pili. Jicho litakaa juu kidogo ya mstari huo, karibu na pembe ya mdomo.
5. Miguu kwa mistari miwili tu, na kitawi au ukingo wa kiota anaoushika.

Kazi yote hiyo isizidi sekunde 30 kwa mkao. Ikiwa unapata shida, fanya zoezi la kumbukumbu: tazama kwa sekunde 10, fumba macho mpaka umbo litulie akilini, kisha chora bila kutazama tena juu. Utashangaa kuona kwamba mchoro wa kumbukumbu mara nyingi una uhai kuliko ule uliochungulia kila sekunde, kwa sababu kumbukumbu huacha visivyo na maana.

Kuhusu kifutio: mstari uliokosewa unakuonyesha mstari sahihi upo upande gani. Ukiufuta, utaukosea tena mahali pale pale. Chora mpya kando yake, kwa nguvu zaidi, uuache wa zamani uonekane.

Usitafute uzuri katika ukurasa huu. Unajua umefaulu pale mtu asiyejua kuchora anapolitazama daftari lako na kusema, "Huyu anavuta kitu." Kama anasema tu "huyu ni ndege", rudia asubuhi nyingine. Mimi mwenyewe nilimaliza daftari zima kabla ya kuisikia kauli ya kwanza, na nilikuwa nimeshaanza kuwachukia minana.

## Hatua ya 5: Sahihisha mwili

Baada ya asubuhi tatu au nne utakuwa na kurasa nyingi za mikao. Sasa tumia darubini kutazama viungo, kiungo kimoja kila siku.

Anza na miguu, kwa kuwa ndiyo inayoharibu michoro mingi. Kile kinachoonekana kama goti lililokunjika kinyume ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa ndani ya manyoya ya tumbo. Ukilijua hilo, hutachora tena mguu unaochomoza nje ya mwili kama kijiti kilichochomekwa. Vidole vitatu vinaelekea mbele na kimoja nyuma, na vyote hufumbata kitawi; havikai juu yake kama vya bata.

Angalia pia uzito unapoangukia. Ndege aliyetua vizuri ana vidole chini ya sehemu nene ya lile yai. Ukivipeleka nyuma sana, mtazamaji atahisi ndege anaanguka kifudifudi, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Kwa dume anayening'inia kichwa chini mambo hugeuka: mwili wote umetundikwa miguuni, kwa hiyo miguu imenyooka na tumbo limevutwa kuelekea ardhini.

Mdomo ni mnene penye shina, umechongoka mbele, na ni mweusi. Upime kwa penseli: nyoosha mkono, fumba jicho moja, linganisha urefu wa mdomo na upana wa kichwa. Wanafunzi wengi huurefusha bila kujua, na mnana akawa chozi.

Mabawa na mkia yachukulie kama vitambaa vilivyokunjwa. Mkia wa mnana una manyoya 12, lakini ukiwa umefungwa utaona kingo mbili tatu tu, chora ulizoziona. Hapa ndipo anayefuata picha ya simu huchora yote kumi na mawili kwa kuwa anajua yapo.

## Hatua ya 6: Chukua rangi papo hapo

Rangi haikumbukiki. Jaribu kuikumbuka nyumbani na utapaka manjano ya kopo, si ya mnana.

Tumia rangi za maji kuweka madoa madogo pembeni mwa ukurasa, kila doa likiwa na maneno machache: "kifua, jua la saa 1", "ubavu, kivulini", "chini ya bawa, mwanga ukipita". Utagundua kwamba manjano ya kifuani kwenye jua hukaribia weupe, ubavuni huwa ya dhahabu, na kivulini hugeuka kijani cha zeituni kwa sababu majani yaliyo jirani yanamrudishia rangi yao.

*Tahadhari kubwa.* Usitengeneze kivuli cha manjano kwa kuongeza nyeusi. Manjano na nyeusi hutoa kijani chafu, na ndilo kosa linalofanya minana wengi waonekane wameoza. Ongeza tone la kahawia au la zambarau, kidogo sana, mpaka manjano ipoe bila kufa. Kijani cha zeituni unachokihitaji kivulini kipate kwa kutia ndani ya manjano bluu kidogo, na nyekundu iliyo chache kuliko hiyo bluu.

Weusi wa kichwa nao si mweusi mtupu. Asubuhi upande wa jua una bluu, na ukiacha kipande hicho cha bluu kichwa kitakuwa mviringo. Ukipaka nyeusi kote, kitakuwa tundu.

## Hatua ya 7: Soma kiota

Kiota kichore kwa hatua za ujenzi wake, maana ukielewa kilivyosukwa hutahitaji kuchora kila chane. Dume huanza na pete iliyosimama wima, iliyofungwa kwenye kitawi kimoja au kati ya viwili. Husimama ndani ya pete hiyo, akielekea upande ule ule, na kusuka hadi pale mdomo wake unapofikia; kwa hiyo chumba cha mayai kina mviringo unaolingana na mwili wake mwenyewe. Kisha huja paa, na mwisho mlango unaotazama chini. Kiota ni kipimo cha ndege, na ukiwachora kwa uwiano usiolingana, jicho la mtazamaji litalijua kosa.

Kiota kipya ni cha kijani. Kikikauka huwa rangi ya makuti. Jike hukipitia na kukivutavuta, na kile kinachokataliwa mpaka kikakauka dume hukifumua mwenyewe na kuanza kingine. Ukikuta kwenye mti mmoja viota vya kijani, vya manjano na vya kahawia, unayo tayari habari nzima ya kuchora.

Njia nyepesi ya kukichora ni kuanza na nafasi tupu: chora vipande vya anga vinavyoonekana kati ya kiota na matawi, halafu kiota kitabaki chenyewe. Ndani yake weka chane chache tu zinazoonyesha mwelekeo wa mzunguko, na nyingine zichomoze ukingoni bila mpango.

Usikiguse kiota chenye mayai au makinda wala usikate tawi ili upate mwanga. Kilichoanguka chini ni halali yako. Kipeleke nyumbani ukifumue taratibu kukisoma.

## Hatua ya 8: Hamishia kwenye ubao

Tandaza kurasa zako zote sakafuni na uchague mkao mmoja mkuu. Nashauri ule wa dume aliyening'inia, kwa kuwa unabeba ndege, kiota na sababu ya wote wawili kuwepo. Ndege wa pili, jike anayetazama, awe mdogo na mtulivu upande wa juu.

Chora mpangilio kwanza kwenye vipande vidogo vya karatasi vya sentimita 6 kwa 6, visivyopungua vitano. Ubao wa mraba wa sentimita 60 ndio uliozoeleka katika uchoraji wa Tingatinga, aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, na una faida yake: umbo kubwa moja na nafasi pana nyuma yake hukaa vizuri ndani ya mraba. Ukipita kwenye vibanda vya wachoraji karibu na Morogoro Stores, Oysterbay jijini Dar es Salaam, tazama jinsi ndege wao wanavyosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Usinakili ndege hao. Chukua ujasiri wa umbo tu, uutie mkao ulioupata mwenyewe.

Ondoa vitu. Matawi yaliyokuwa saba yawe mawili, na viota ishirini viwe vitatu.

Anayependa nguo kuliko ubao anaweza kuupeleka ususi wa kiota kwenye pindo la kanga na kumweka ndege kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, lakini akumbuke kwamba pindo hujirudia pande zote nne, kwa hiyo chane zinazoishia ukingoni lazima zikutane na zinazoanzia upande wa pili.

## Hatua ya 9: Paka rangi kwa zamu

Piga msasa upande laini wa hadibodi, futa vumbi, paka andakoti mara mbili na uache ikauke usiku kucha kila mara. Wakati wa masika unyevu huchelewesha, na siku mbili si nyingi. Kidole kikigusa na kunata, ngoja. Ukipaka juu ya rangi mbichi, ya juu itakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na dawa yake ni msasa na kuanza upya.

Paka mandhari ya nyuma kwanza, ukiichanganya kutoka rangi nzito chini hadi nyepesi juu wakati bado ni mbichi. Ikikauka, hamisha mchoro kwa penseli. Kabla ya manjano yoyote, jaza umbo la ndege kwa nyeupe na uache ikauke, kwa sababu manjano ya mafuta haifuniki vizuri: ukiipaka juu ya bluu itakuwa kijani, na utapaka mara nne bila kuona mabadiliko. Kisha fuata manjano, vivuli, kichwa, mabawa, na chane za kiota kwa brashi yenye ncha. Jicho liwe la mwisho: duara jekundu, mboni nyeusi, nukta moja ya mwanga upande ule ule unakotoka mwanga wa picha nzima.

Fanyia kazi hii nje au karibu na dirisha lililo wazi, mbali na jiko, na makopo ya thina yakae mahali mtoto asipofika. Brashi zioshe kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni siku hiyo hiyo.

Picha ikishakauka kabisa, ichukue mpaka chini ya ule mti kabla hujaitia sahihi. Iegemeze kwenye kigoda, rudi nyuma hatua kumi, na umngoje dume arudi na chane. Mtazame yeye, kisha utazame ubao. Kitu kimoja kitakuonyesha kosa mara moja, pengine mwinamo wa mkia au unene wa mdomo. Kiandike daftarini, nenda nyumbani ukakirekebishe hicho peke yake.